Zamu Yako ya Vyombo

Baba Zuhura, mume wangu uliye kwenye barafu,

Salamu leo sina, nina hasira. Na barua hii naiandika wazi, aisome atakaye, wakiwemo wenzako wa hapo kituoni Antaktika wanaokusifu kwa uchapakazi.

Unakumbuka ile Jumapili kabla hujaondoka? Tulikaa kule Bluff tukitazama meli zinavyoingia bandarini, Zuhura amekulalia mapajani, mdomo umejaa mafuta ya samaki. Nikakuuliza, fundi wa jenereta kama wewe anakosaje kazi Durban nzima hii? Ukanishika mkono. "Kipupwe kimoja tu, Mama Zuhura. Kikiisha, narudi."

Nikakubali. Uliponiambia jua limezama na halitachomoza kwa majuma, nililia jikoni. Nikakuwaza umejikunyata gizani peke yako, upepo unapiga kuta. Kumbe! Picha zikaanza kuja. Wewe unacheza tenisi ya meza. Wewe kwenye karamu ya katikati ya baridi, umevaa gauni na wigi, mnacheka mpaka machozi. Wewe umefunga aproni unakanda mkate, kwa sababu hapo kila mtu ana zamu yake, kupika, kupiga deki, hata kusugua choo. Baba Zuhura, hapa nyumbani Queensburgh ufagio uliushika lini? Kikombe cha chai ulikiacha palepale ulipokinywea, mimi napita nyuma yako nakiokota. Eish, kumbe mikono unayo.

Halafu ile saladi mnayootesha ndani, chini ya taa. Mche mmoja umeupa jina la Zuhura, na kila wiki unanitumia urefu wake. Mwanzoni nilicheka. Sasa nakuuliza, Zuhura mwenyewe anavaa viatu namba ngapi? Hujui. Vile ulivyomnunulia vilimbana zamani, tukampa mtoto wa jirani.

Jumapili iliyopita ndiyo ulinimaliza. Ulipiga simu ukasema wamekuomba ubaki mwaka mwingine, na umeshatia saini. Umeshatia, hukuniuliza. Sijapata hata pa kuanzia, ukaniwahi: "Tutaongea, mke wangu. Wananiita, leo zamu yangu ya vyombo." Ukakata. Nikabaki na simu mkononi, ndoa yangu inangoja sahani za watu zioshwe.

Nakukumbuka mno, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mpaka leo napika wali wa watu watatu, halafu najikasirikia mwenyewe nikiupakua.

Muda wote huu nimekutolea udhuru kwa mwanao. Baba ana kazi nyingi. Baba mtandao umekatika. Baba atarudi na meli. Hiyo meli ameichora, nyekundu, wewe umesimama juu yake mkubwa kuliko bomba la moshi, akaibandika mlangoni. Kila asubuhi akienda shule anaigusa. Hajui kwamba meli ikija hupandi. Sijamwambia, na sitamwambia.

Jumapili ukipiga, nitampa simu yeye, mimi nitakaa kando nisikilize. Nyumba hii nayo ina zamu zake, Baba Zuhura, na nyingi nimekushikia bila kusema neno. Hii sikushikii.

Mkeo, mpaka sasa,
Mama Zuhura