Bia ya Britta na Ulimi Wangu

1418 Mtaa wa Tano Mashariki,
Duluth, Minnesota.
Jumapili, 27 Aprili 2014.
Asubuhi: ukungu kutoka ziwani, baridi, barafu bado inaelea karibu na daraja.

Mpendwa dada Arlys,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku tunakosubiri majira ya kuchipua ambayo yamepotea njia. Vipi hali yako na shemeji Lowell? Na mgongo wako? Natumaini jua la huko Yuma linauchua vizuri kuliko yule daktari wako. Sisi tu wazima. Mzee wangu Orrin hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi, na akishuka, na akiulizwa habari zake.

Dada, nina jambo la kukueleza. Kaa chini kwanza. Nimekunywa bia.

Unajua kwamba Britta wangu aliacha uuguzi miaka miwili iliyopita ili atengeneze bia kwenye lile jengo la zamani la kiwanda cha maziwa. Unajua pia kwamba tangu siku hiyo sikuwa nimekanyaga mlangoni pake. Sikumkataza. Nilimwambia tu kwamba uamuzi wake ni tofauti.

Wewe na mimi tunajua neno hilo lina maana gani nyumbani kwetu. Mama alitulea hivyo: kitu kibaya hakiitwi kibaya, kinaitwa tofauti. Unakumbuka ile jeli ya kijani yenye samaki ndani, ya mke wa mchungaji? Ulimwambia ni tofauti kabisa, akakuongeza kipande cha pili.

Basi, siku ya Pasaka Britta aliweka uma chini mbele ya nyama ya nguruwe, akaniambia, “Mama, Jumamosi nafungua baa. Njoo uonje. Lakini ukisema ni tofauti mbele ya wateja wangu, sitakualika tena popote.” Hakuwa anatania. Nilijua kwa shingo yake: akikasirika inakuwa nyekundu kama ya baba yake.

Sikulala vizuri. Sikuwa nimewahi kunywa bia hata tone, na uso wangu hauwezi kudanganya. Nikaamua kujifunza kwanza mahali pengine.

Jumatano nilivuka daraja kwenda mji wa Superior ili nisionwe na mtu wa kanisani. Nilivaa miwani ya jua ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Niliingia kwenye baa moja wanamotengeneza bia yao wenyewe, nikamkuta nyuma ya kaunta mwanamume wa makamo anayeitwa Wendell, mwenye ndevu za kutosha watu wawili. Ukutani kulikuwa na ubao wenye majina ya bia, na mbele ya kila jina namba: nane, kumi na moja, thelathini, sabini na mbili.

Dada, nimejaza ripoti za wanafunzi ofisini pale shuleni miaka thelathini na moja. Namba hizo nilizielewa mara moja.

“Nipe ya sabini na mbili,” nikasema.

“Sabini na mbili? Umeizoea, mama?”

“Sijawahi kunywa bia maishani mwangu. Ndiyo maana nataka iliyofaulu. Hii ya nane sijui kwa nini hamuifukuzi.”

Alinitazama kidogo, akanimiminia glasi ndogo. Nilimeza. Ilikuwa kama kulamba mti wa Krismasi uliopakwa aspirini. Machozi yalinitoka chini ya miwani.

“Hizo siyo maksi, mama,” Wendell akasema alipoweza kupumua baada ya kucheka. “Huo ni uchungu. Namba ikipanda, ulimi unalia.”

“Ungeniambia mapema!”

“Ningekuambia, ningekosa kuiona hiyo sura.”

Lakini alikuwa mwalimu mzuri. Alinipangia glasi nne ndogo kwenye kipande cha ubao, akanitaka nianze na namba ya chini, nile mkate kati ya moja na nyingine, nisiharakishe. Nilitoa shajara nikaandika. Ya nane: chachu, kama siki ninayosafishia madirisha. Ya thelathini: nyeusi, kama kahawa ya kanisani iliyobaki jikoni tangu ibada ya kwanza, lakini si mbaya, maana kahawa hiyo nimeizoea. Ya sabini na mbili nilikataa. Ya kumi na moja ilikuwa ya ngano, ina ukungu kama leo asubuhi, na ndani yake nilisikia ndizi na karafuu. Nilipoangalia tena, glasi ilikuwa tupu. Nikamuuliza Wendell kama inavuja.

“Haivuji, mama. Umeipenda.”

“Sasa nikiulizwa nitasema nini?”

“Sema inakukumbusha nini. Mtengenezaji anataka kujua hilo. Sifa anapewa na jamaa zake bure.”

Jumamosi nilifika saa kumi jioni. Kulikuwa na watu kama arobaini, nusu yao sikuwajua. Britta aliniona, akaja na glasi ya bia ambayo yeye mwenyewe anaipenda kuliko zote, akaiweka mbele yangu. Watu walionizunguka wakageuka kunitazama. Nilitazama ubaoni: sitini na tano. Nikajua nimekwisha.

Nilikunywa. Neno letu lilinijia hadi kwenye meno. Shingo ya Britta ilianza kuiva.

“Inanikumbusha ganda la balungi,” nikasema.

“Balungi?”

“Ganda lake. Ukilitafuna. Britta, hii siipendi, ni chungu mno. Nipe ile yako ya ngano, ya kumi na mbili.”

Mtu mmoja nyuma yangu alikohoa. Britta aliweka kitambaa chake juu ya kaunta.

“Mama, umesemaje?”

“Ile ya kumi na mbili.”

“Hapana, kabla ya hapo.”

“Nimesema siipendi. Nisamehe, mwanangu, mbele ya watu...”

“Rudia.”

“Siipendi.”

Dada, alianza kucheka, na huku anacheka machozi yanamtoka. Alinimiminia ile ya ngano, povu likamwagika hadi kwenye mkoba wangu. Nilionja. Karafuu zilikuwepo, na kitu kama mkate unaotoka kwenye oveni. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia ni nzuri kuliko ile ya Superior, na kwa mara ya kwanza maishani niliona ameniamini.

“Kumbe unaweza,” akasema. “Miaka thelathini na nne sijui unachokipenda. Haya, pazia nililokununulia la jikoni?”

“Silipendi.”

“Nilijua! Na Todd, niliyetaka kuolewa naye?”

“Huyo alikuwa mchungu kuliko hiyo ya sitini na tano.”

Baa nzima ilicheka. Britta hakucheka. Aliinama karibu, akauliza kwa sauti ya chini, “Na mimi kuacha uuguzi?”

“Hilo sikulipenda hata kidogo,” nikasema. “Niliogopa. Leo sijui tena. Niongeze, tukae, unieleze unavyoipika.”

Alinieleza kwa saa mbili. Sikuelewa nusu yake. Nilimuuliza kila nisichokielewa.

Msalimie sana shemeji Lowell, na mpwa wangu Nadine na mumewe. Ukija Agosti nitakupeleka mwenyewe, na usiniambie hunywi, maana kuna moja inayokufaa, nimekwisha kuiandika. Mungu akulindeni na joto la huko, awape usingizi mwema na marafiki wakweli.

Mimi mdogo wako nikupendaye, hata ninapokuambia ukweli,
Verna

Shajara ya jana inamalizia hivi: glasi mbili na nusu, nimeamka mara tatu kwenda msalani, usingizi wenyewe umenichukua saa saba kasoro dakika ishirini usiku.