Kadi ya Mkwe Ndani ya Kiatu Changu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba usinicheke, maana kicheko nimekimaliza mimi mwenyewe na ndicho kilichonifikisha hapa. Mimi ni fundi viatu wa miaka sabini na nne, naishi na mama watoto, sisi wawili tu, kwa sababu watoto wameshaoa na kuolewa na kila mmoja ana nyumba yake. Mke wa mwanangu wa mwisho anafundisha chekechea, na siku moja alikuja na kadi aliyoiandika kwa herufi kubwa nyekundu, ameifunika nailoni ngumu, akaibandika ukutani pale ninapochajia simu, juu namba ya dharura na chini maneno haya: mahali kwanza, mtu wa pili, tatizo la tatu, simu usikate, komeo fungua. Kisha akatuketisha sebuleni mimi na mama mkwe wake kama wanafunzi wake, akatupa mwiko tuushike sikioni uwe simu, na kila nilipoanza na habari za kazi, habari za watoto, alinikatiza kwa upole, "Baba, salamu baadaye. Wakikuuliza habari utajibu nzuri, na huku mama yuko chini."

Mshauri, niliumia. Huyu binti nilikwenda kumposa mwenyewe kwa miguu yangu, leo ananifundisha kutosalimia watu? Nikamwambia anatutabiria msiba, akaniomba radhi, akaenda zake. Wiki iliyofuata nikaibandua ile kadi, na kwa kuwa fundi hatupi kitu kigumu, nikaikata kwa kipimo cha mguu wangu wa kushoto nikaitia ndani ya kiatu kilichokuwa kinaingiza maji. Halafu ndiyo nikafanya baya zaidi. Pale kibandani kwangu wazee wenzangu hukaa kwenye benchi, yupo kinyozi wa jirani, yupo dereva mstaafu, nami nikawa nashika kiatu sikioni, naiga sauti nyembamba ya mkwe wangu, namba mpaka komeo, watu wanacheka hadi wanafuta machozi, na kila siku wananiomba nirudie, mpaka wakampachika jina la Mama Komeo. Siku moja dereva alimwamkia hivyo njiani, naye akatabasamu kwa heshima bila kujua kwa nini anaitwa hivyo.

Sasa Jumanne moja saa nne asubuhi, sijatoka, nasikia beseni limeanguka uani, nakwenda namkuta mke wangu ameketi chini kati ya nguo, mdomo umeenda upande, mkono umelegea, anasema maneno yasiyoeleweka. Nikatafuta miwani na kumbe iko kwenye paji la uso wangu. Nikapiga ile namba, nilikuwa naijua kwa ajili ya mzaha tu, akapokea mwanamke, na wallahi salamu ilikuwa imeshafika ulimini, lakini kilichotoka ni ule mchezo wa kibandani, kwa ile ile sauti nyembamba: geti la kijani nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba yenye tangi jeusi juu ya paa, mke wangu, miaka sabini, mdomo umepinda, mkono hauinuki, imeanza sasa hivi. Akanielekeza nimlaze ubavu na nisimpe hata tone la maji, simu sikukata, nikaenda nayo kufungua komeo. Gari likaja, na daktari akasema tumewahi. Leo anatembea na mkongojo, maneno yanamjia polepole, ingawa ya kunigombeza yalitangulia kurudi. Namshukuru Mungu usiku na mchana.

Kule kwenye korido ya hospitali mguu ulinisumbua, nikavua kiatu, nikaona herufi nyekundu: usikate. Nikalia mbele za watu. Tangu hapo kila Jumamosi mkwe wangu anakuja kumnyoosha mama mkwe wake vidole, watu wananisifu kuwa shujaa, naye mwenyewe aliniambia, "Hongera baba, ulitulia." Nikimweleza yote naogopa hataingia tena kwangu kwa moyo mweupe, na nikinyamaza nakula sifa isiyo yangu. Nifanyeje?

Fundi Viatu

Mzee wangu, shikamoo. Nimefurahi mno kwamba mama yupo na ulimi wake umerudi, na kama umeanza kwa kukugombeza wewe, ni haki yake.

Sasa niruhusu nikukaripie kwa adabu. Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetuambia mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini, na wewe nusura ulijue. Binti wa watu alikutakia uhai, ukamwita mtabiri wa msiba, ukamkanyaga miezi mizima. Usijitetee kwamba mzaha wako ndio uliookoa. Maneno yalikuwa yake, wewe ulikuwa kaseti tu.

Hofu yako naielewa, lakini haina kazi. Jina la Mama Komeo liko barabarani, na iko siku atapata maana yake kwa mdomo wa kinyozi. Bora aisikie kwako. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na wewe nguo umejivua mwenyewe mbele ya benchi zima.

Kwa hiyo anzia bencheni, na kesho usichelewe. Wasimulie wenzako kisa chote, pamoja na machozi ya korido. Kisha kila mmoja akuelekeze kwake kama vile wewe ni dereva usiyepajua. Nilipomaliza kusoma barua yako nilimpigia mama yangu nikamwomba hivyo hivyo, akanijibu, "Kwani yupo asiyejua kwangu?" Yupo, mzee wangu, na ndiye anayeendesha gari la wagonjwa. Yule dereva mstaafu, kama anaishi peke yake, mwambie ampe jirani ufunguo wa akiba. Na hilo jina la utani, wewe uliyelianzisha ndiye wa kulizima.

Nyumbani, simu ilale na chaji mahali pamoja, majina ya dawa za mama yaandikwe hapo hapo, na miwani itafutiwe kamba, tafadhali.

Kadi usiirudishe ukutani. Itoe kiatuni, isafishe, umpe mkwe wako mkononi kama ilivyo, na alama ya kisigino chako. Mwombe akuandikie nyingine, na safari hii ushike mwiko kabla hujaambiwa. Huenda akakasirika. Mwache akasirike, usimkimbilie na maneno.

Jumamosi akibisha hodi usimwanzie habari za kazi, habari za watoto. Salamu baadaye. Kosa kwanza, asante ya pili, kadi ya tatu. Na komeo akute umeshalifungua.