Unga Niliouficha Kwenye Mafini

Kwako Mshauri,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na baada ya salamu naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana najua utakasirika, hata mimi nikijisoma hapa najikasirikia. Jina langu sitalitaja, na la mume wangu sitalitaja, yatosha ujue kwamba sisi ni watu wa Kisii, tunakaa kwenye laini za wafanyakazi katika shamba moja la chai upande wa Litein, na mume wangu ni mpishi katika nyumba ya bwana meneja, na huo upishi wake ndio ulioleta haya yote.

Bwana huyo ana mtoto wa kiume wa miaka minne ambaye tumbo lake halijapata kuwa zima tangu aachishwe ziwa, na mwaka jana daktari wa kizungu alisema mtoto asionje nafaka yoyote, si ngano, si mahindi, si mchele, ale ndizi mbivu na mayai na maziwa, basi memsabu, mke wa bwana, akamfundisha mume wangu kumwokea vikeki vidogo vinavyoitwa mafini, vya ndizi za kupondwa na mayai na asali, bila hata chembe ya unga. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulianza siku mume wangu alipovua aproni akarudi nyumbani na ugonjwa wa yule mtoto, ila kwake ulimshika kichwani. Alitukusanya, mimi na watoto wetu wanne, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo chakula cha asubuhi cha familia yake ni mafini, kwamba uji wa wimbi ni wa watu wasiojua daktari, kwamba nafaka ikiingia tumboni asubuhi inaota. Ati inaota. Nikamuuliza, na ule ugali wa jioni, anaoula mpaka anafuta sahani kwa kidole, wenyewe hauoti? Akanijibu kwamba jioni tumbo huwa limeshafungwa. Nilikuwa sijui kwamba tumbo ni duka.

Sasa Mshauri, mafini ya ndizi na mayai matupu, yakiokwa kwenye sufuria juu ya mafiga na makaa yakapangwa juu ya kifuniko, yanatoka yamelala kama tope. Watoto walikuwa wanameza wakiwa wamefumba macho, na kabla umande haujakauka kitinda mimba wangu yuko mlangoni kwa jirani anaomba uji, mtoto wa mpishi wa meneja anaomba uji, na mwalimu wake akaniletea habari kwamba yule mkubwa anasinzia darasani kwa njaa. Nilivumilia wiki tatu. Ya nne nikaenda dukani Litein nikanunua unga wa ngano, nikauficha ndani ya chungu chini ya maharagwe, na kila asubuhi mume wangu akiwa anaoga nilikuwa natia konzi mbili.

Yakafura. Yakapanda, yakapata rangi, watoto wakaomba ya pili. Mume wangu aliizunguka sufuria mara mbili kisha akasema hivyo ndivyo mayai yanavyofanya yakipigwa na mtu aliyesikiliza maagizo. Hakuishia hapo, alikwenda kusimulia kanisani, akawapanga akina mama kwenye benchi akawafundisha mkono wa kupiga mayai unavyozunguka, na mmoja alipouliza kwa nini ya kwake yanalala, aliambiwa moyo wake hauko jikoni. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nimeinama kama mtu anayeomba, nacheka mpaka machozi yananitoka, na kicheko hicho ndicho ninachokijutia leo.

Maana Jumatatu moja stovu ya nyumba ya bwana ilikuwa inatoa moshi, mafini ya mtoto yakaharibika, na mume wangu akaja mbio nyumbani, akachukua sita ya kwangu, akayapanga kwenye sahani ya memsabu. Sikujua mpaka aliporudi mchana. Nilitaka kumwambia, kweli nilifungua mdomo, lakini papo hapo akanitolea kitambaa cha marinda chenye maua ya buluu, akasema memsabu amemtumia mke wa mpishi shukrani, na kwamba tangu leo mafini ya mtoto yatatoka kwangu kwa kuwa hajawahi kula kwa hamu namna ile. Nikafunga mdomo. Nisikudanganye, Mshauri, nilidhani ugonjwa wa mtoto ni maringo tu ya wazungu, kwa sababu niliuona kwa mume wangu, na kwa mume wangu haukuwa kitu kingine ila maringo. Nikasema moyoni, mtoto aliyenyimwa uji atakosaje kuumwa, wacha nimlishe. Nikamlisha wiki mbili.

Tumbo lake likajaa, akaharisha, miguu ikabaki mifupa. Daktari akaja kutoka Kericho akasema mtoto huyu amelishwa mkate. Memsabu akapekua mfuko wa aproni ya yaya, akakuta ganda la mkate. Yaya ni Drusilla Adoyo, mjane kutoka upande wa ziwa, jirani yangu, tunagawana kuni na chumvi, ndiye aliyemlea mtoto huyo tangu hajaota jino, na ule mkate ulikuwa wa kunywea chai yake mwenyewe. Alisema hivyo, hakuna aliyemsikiliza. Aliondolewa kwa mtoto siku hiyohiyo, akawekwa kufua nguo, na mwisho wa mwezi huu anafukuzwa bila barua ya kumshuhudia, na bila barua hiyo hakuna nyumba ya mzungu Kericho nzima itakayompokea.

Na mimi siku niliyopata habari niliacha kutia unga. Mtoto akaanza kupona. Sasa kila mtu anasema, mnaona, yaya ameondolewa na mtoto anapona, ndiye huyo. Nilipoacha kosa langu nikawa nimemfunga yeye kabisa. Mafini nayo yamelala tena, na mume wangu anawalaumu kuku.

Juzi Drusilla alinikuta kisimani, macho yamevimba. Akaniambia, "Dada, wewe unanijua. Mimi naweza kumpa yule mtoto kitu cha kumuua?"

Nikamjibu, "Mungu anajua, Mama Kepher." Kisha tukajitwika maji, kila mtu akaenda kwake.

Nikisema, mume wangu anapoteza kazi, tunatolewa kwenye nyumba ya laini, watu watamcheka kutoka hapa mpaka Merigi, na atanirudisha kwa baba yangu. Nikinyamaza, chakula hakinishuki. Nimefikiri labda ninyamaze lakini niwe nampelekea wimbi na maharagwe kila mwezi huko atakakokwenda. Nishauri, nifanye lipi?

Ni mimi, Mke wa Mpishi. 6 Juni 1934.

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Mpishi,

Unajua kusimulia. Nimecheka kwenye ile habari ya tumbo na duka, nimecheka kwenye benchi la kanisa, na nilipofika kwa Drusilla nikaona haya kwamba nilikuwa nimecheka. Hiyo ndiyo barua yako ilivyo, mama, imejaa mzaha mpaka mtu anayeumizwa anakuja kuonekana mwishoni.

Nianze na mumeo ili nimalizane naye. Mtu anapikia wazungu, anashika unga kila siku, na konzi mbili za ngano zinapita kinywani mwake kila asubuhi bila yeye kuzitambua. Mpishi wa namna hiyo akipelekwa kuchuma chai, jikoni hakutaharibika kitu. Ama basi alizitambua. Umewahi kulifikiria hilo? Huenda alionja siku ya kwanza, akajua, akaona sifa za kanisani ni tamu, akanyamaza kama wewe ulivyonyamaza, nanyi mnaishi nyumba moja mkifichana siri moja. Mimi sijui. Utakapomwambia, mwangalie uso, utajua.

Sasa tuje kwako. Mama anayeficha unga ili wanawe wasisinzie darasani hana kosa mbele yangu, hata mimi ningeuficha, na ningeuficha mapema zaidi. Kumdharau daktari ni ujinga, na wewe uliona ugonjwa wa mtoto kupitia kwa mume mwenye maringo, kwa hiyo ujinga huo nakusamehe nusu. Nusu nyingine ninaibakiza kwa sababu ya kile kitambaa. Ulikuwa umeshafungua mdomo ukweli utoke, ukafungwa na maua ya buluu. Nina hakika umeshakishona, na nina hakika kimekupendeza. Kikunje, kirudishe.

Lakini mahali ulipoharibu kabisa ni kisimani. Mwanamke aliyekugawia chumvi alikuuliza swali ambalo jibu lake unalo wewe peke yako, ukamtwika Mungu. Mungu anajua, ndiyo, lakini si yeye aliyekwenda kununua unga Litein. Pole yako kwa Drusilla haimfai kitu mpaka itoke mdomoni mwako.

Na kuna jambo ulilodhani sitaliona. Gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi, siku ya kwanza, nawe unajua. Umeniandikia tarehe sita, ukaniambia yaya anafukuzwa mwisho wa mwezi. Hukuandika jina la shamba wala sanduku la posta; ningetaka kukujibu faragha, barua ningempa nani? Kutoka mlangoni kwako mpaka barazani kwa memsabu ni mwendo mfupi tu, mumeo huufanya akiwa amebeba sahani ya mafini moto. Wewe ukaona afadhali ukweli upande garimoshi, uje ukae mezani kwangu Nairobi, urudi wakati Drusilla ameshafunga mzigo wake. Ulitaka uchelewe kwa ruhusa ya Mshauri. Ruhusa hiyo sina.

Tena angalia majina. Lako umelificha, la mumeo umelificha, la bwana umelificha. La Drusilla Adoyo umeliandika lote, hata na la mwanawe ukaongeza. Unapotubu bado yeye ndiye unayemwacha uchi barabarani.

Desturi yetu ni kubadilisha majina kabla ya kuchapa. Safari hii sikubadilisha. Nimeliacha kama ulivyoliandika, kwa makusudi, ili kila aliyesikia kwamba Drusilla Adoyo alimlisha mtoto mkate asome sasa, kwa mkono wa aliyemlisha, kwamba Drusilla hakufanya hivyo. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, lakini ufanye hivyo ukiwa njiani.

Fanya hivi. Mwambie mumeo leo, kwa maneno machache, wala usingoje amalize kushangaa. Chukua unga uliobaki, chukua na hicho kitambaa, nendeni wote wawili kwa memsabu, uviweke mbele yake. Useme, "Ni mimi niliyetia unga, na Drusilla hakumpa mtoto kitu." Anza na maneno hayo. Habari ya njaa ya wanao uieleze ukiulizwa, na kilio kisubiri, maana ukianza na kilio utabembelezwa wewe, na aliyeonewa atasahauliwa tena. Kisha omba barua ya Drusilla iandikwe ukiwa umesimama hapohapo, na iseme kwamba alisingiziwa.

Mkifukuzwa, mtakuwa mmefukuzwa kwa kosa lenu, na Kisii kuna shamba na baba wa kukupokea hata akikugombeza. Mumeo atachekwa mpaka Merigi na hatakufa; amezoea kusimama mbele ya watu. Barua ikipatikana, ichukue mwenyewe umfuate Drusilla aliko, hata kama ameshafika ziwani, umpe mkononi mbele ya watu wake na umwambie kwa kinywa chako ulichomfanyia. Asipokusamehe, usimlaumu, na usiniandikie kunishitakia. Habari ya wimbi na maharagwe kila mwezi usiiguse kabla ya hapo, kwa maana hiyo ingekuwa hongo, tena hongo ambayo mwenyewe hajui ni ya nini.

Wanao wapikie uji.

Na kama bado unajiuliza useme au unyamaze, nafasi hiyo imekwisha. Memsabu hasomi Kiswahili chetu, lakini ofisi ya kila shamba la chai ina karani, na karani huletewa gazeti hili kwa posta ya asubuhi, akalisoma kwa sauti wenzake wasikie. Mpishi wa meneja, mtoto mgonjwa, yaya mwenye jina hilo: hatahitaji kuuliza ni shamba gani. Kilichobaki kwako ni nani atakayefika kwa memsabu kwanza, wewe au yeye. Ukiwa umesoma mpaka mstari huu, naye amesoma.