Maji ya Beseni Moja

Mujukuu yangu Mwamini,

Salamu toka Kabondo. Tonton yako Idi, ndugu ya mama yako, amepona, na mudogo wako anaota meno, halali wala hatuachi tulale.

Unaniuliza kama ile teori ya uuguzi munayofundishwa huko Kinshasa iko ya kweli: ukijua mutu anaona faida gani na nini inamuzuia, utajua mbele kama atafuata mambo ya afya. Mimi, mutoto wangu, nina mashaka.

Wakati nilikuwa musichana, muuguzi mumoja mwanamuke alikuja kwetu kufundisha kunawa mikono. Akatuuliza faida yake, akauliza nini inatuzuia. Tukamujibu muzuri: sabuni inakosekana, maji iko mbali. Akafurahi. Lakini hakuna mutu alimwambia kitu ya kweli. Kwetu beseni ya kunawa ilianza kwa muzee wa nyumba, halafu ikazunguka na maji ile ile mpaka kwa watoto. Ukiomba maji yako, ni kusema mikono ya muzee iko chafu.

Saa ya chakula tukamukaribisha. Papa yangu akanawa, akamusogezea beseni. Nikamuchungulia. Muuguzi akaangalia maji, akaangalia papa, akatumbukiza mikono.

Papa akacheka sana. "Kumbe hata wewe unaniogopa!"

Akaleta birika yake ya kutawaza mbele ya sala, akamumiminia maji yeye mwenyewe, halafu sisi watoto. Tangu siku ile tulinawa hivyo.

Bon, uliza mwalimu wako: hiyo teori inayojua mikono yetu, ilijua na mikono ya muuguzi mwenyewe?

Koko yako,
Zaina