Vineno Vidogo vya Mama Agathe

Alhamisi, 5 Machi 1998
Mama Agathe, yule mjane wa Bujumbura anayesuka nywele saluni ya chini ya fleti yetu, ameitwa Queensburgh, pembezoni mwa jiji. Kazi ya kutunza wazee, na chumba cha kulala hukohuko! Jumatatu wanamhoji, kwa Kiingereza. Kaniomba nimfundishe. Mimi! Shule niliiacha darasa la nne, Kiingereza nimekiokota redioni. Vinavyomsumbua ni vile vineno vidogo — in, on, at, with. Sisi "ni" moja inatutosha: mezani, sokoni, moyoni. Waingereza eti kila kitu na mlango wake.

Akienda, jioni nitamtania nani? Chai yangu nitainywa na ukuta.

Jumamosi, 7 Machi
Nimecheza bosi. Nikakunja uso, nikamuuliza anaweza nini. Anataka kusema anawajulia wazee. Redioni wanasema "good with old people". Mimi nikamwambia: good on old people. Akarudia na kurudia, macho kafumba, kama anasali. Eish, Salvator!

Jumapili, 8 Machi
Nimesinzia baada ya misa. Nikaota vile vineno vimetua kwenye waya juu ya robot, zile taa za barabarani, kama mbayuwayu. Taa nyekundu, taa ya kijani — haviruki. Agathe yuko chini na sanduku lake, anangoja kimoja kimshukie. Kumbe nimekificha mimi kofiani, kinanitekenya utosi!

Nikaamka, nikashuka saluni. Nikamwambia ni with. Kacheka hadi kitana kikaanguka. Eti Huguette, mwenye saluni, alimsahihisha jana ileile. "Papa Salvator, nilikuwa nakungoja tu, nione kama utakuja."

Kisha akaacha kucheka. "Kesho unisindikize."

Jumatatu, 9 Machi
Queensburgh. Kimya. Nyasi zimenyolewa kama kichwa cha padri. Niko kwenye benchi chini ya dirisha, koti la misa mwilini. Wazee wa humu wananichungulia — wanadhani nimeletwa kubaki!

Sauti yake naisikia. Vineno vinatua kimoja kimoja, kila kimoja kwenye waya wake. With kaiweka sawasawa, bosi kafurahi. Kazi kaipata, naona. Mwalimu nimejimaliza.

Sasa bosi anamuuliza: yule mzee kwenye benchi ni nani kwako?

Namsikia Agathe akisogeza kiti.

Nimevua kofia, nisikie vizuri —