Makaa Yetu, Mdomo wa Poppy

Jumatatu, 9 Juni

Nimeosha vyombo kabla hawajaamka. Mama yake Poppy, mwanafunzi ninayekaa kwao huku uzunguni, kashuka, kaniangalia, kavitia vyote kwenye mashine vioshwe upya. Eti mashine inatumia maji kidogo. Haya bwana.

Shuleni tumechambua taka tena, karatasi huku, plastiki kule. Mchana wametupa matunda mazima kwenye ndoo ya mboji, kisha wakashangilia ndoo kujaa. Nimenuna. Mwalimu Mbelwa, aliyetuleta kutoka Tanga, kaniambia nikunjue uso. Mgeni kuku mweupe, anasema.

Nangoja Ijumaa tu. Wazazi wa huku watakuja, nami nitaeleza makaa yetu ya vifuu vya nazi. Mama keshatangazia mtaa mzima.

Jumanne, 10 Juni

Ratiba imebandikwa. Makaa ya Tanga: Poppy. Jina langu liko chini kabisa: ngoma na mavazi.

Ngoma! Mimi! Hata kukata kiuno sijui.

Poppy alikuja kwetu mwaka jana, ilipokuwa zamu yao kututembelea. Mgeni siku mbili. Ya tatu tukampa mchi, akatwanga vifuu vilivyochomwa kama sisi, tukamwonyesha kuchanganya na uji wa muhogo na kushindilia kwenye kopo. Alifurahi, na sisi tulimpenda. Lakini pipa la kuchomea lilimuunguza nani? Mimi. Alama ninayo mkononi. Masika nzima makaa yakimeguka, aliyelia nyuma ya jiko la shule ni mimi. Leo yamekuwa yake?

Sikula. 

Jumatano, 11 Juni

Nimemuuliza Mwalimu Mbelwa kwa nini Poppy, kanijibu: si ulikubali mwenyewe?

Lo! Ni kweli. Siku tuliyofika, Madam wa mazingira, mwalimu wa shule ya huku, alinikuta koridoni akauliza kama ni vibaya Poppy akieleza, maana Kiingereza chake wazazi watakielewa. Nikasema hakuna shida. Uso umenishuka mpaka kifuani, nasema hakuna shida! Kwetu mtu angeuona huo uso. Angeuliza tena, angemtuma na mwingine aje aniulize. Yeye akaenda kuandika ratiba.

Jioni nimepanda basi kutoka kwa kina Poppy, Kings Heath, mpaka mtaa wa Balsall Heath, kwa Bi Zuwena, Mzanzibari, rafiki wa mama. Nimemweleza, kacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"We mwana we! Huku hawakubembelezi. Mie siku ya kwanza nilisema chai sitaki, nikakaa na kiu mpaka magharibi."

Mwanawe hakuinua hata macho kwenye simu. "Just tell them, man." Eti niwaambie tu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesema. Mbele ya Madam, mbele ya Mwalimu Mbelwa: kazi ni yangu, nataka kuieleza mimi. 

Madam kawa mwekundu. Kaomba radhi. Ratiba imeshatumwa kwa wazazi, lakini atanipa dakika mbili mwishoni, Poppy akimaliza.

Dakika mbili! Kama mtu anayetoa shukrani msibani. Nikasema basi, acheni tu.

Na wallahi nilijua. Hata maneno hayajaisha mdomoni, nilijua. Bado nikasimama pale kama mjinga nikingoja aseme, hapana Saumu, tafadhali. Kasema anaheshimu uamuzi wangu.

Mwalimu Mbelwa hanisemeshi, nimemwaibisha. Yeye ndiye angepaswa kunisemea, mtu mzima yule, kazi yake kutikisa kichwa na yes, yes. Nawachukia wote leo. Na mimi nimo.

Ijumaa, 13 Juni

Ngoma sikucheza.

Poppy kaeleza vizuri, kusema kweli. Kila mahali kasema "sisi". Jiko likawashwa uani, makaa yakashika mara moja, moshi hakuna, wazazi wakapiga makofi. Nilikuwa nyuma, karibu na makoti. Hakuna aliyeuliza nipo wapi.

Mama kapiga simu. Picha zimefika kwenye kundi la wazazi, kaziangalia zote, na shangazi naye kaziangalia. Mbona sikuonekana hata kwenye moja?

Nimemwambia mimi ndiye niliyekuwa nazipiga hizo picha.

Kafurahi sana. Kasema kumbe wazungu wameniamini na kamera yao.