Kila Mtu na Mkono Wake

Shoga yangu Mwanaidi,

Usianze kucheka. Najua herufi zangu zimelala chali kama mende aliyepuliziwa dawa, lakini wewe ndiye uliyenifundisha, kwa hiyo aibu ni yako. Kwetu Uvira baba alisema shule ni ya wavulana, na mimi nikazeeka bila kujua hata kuandika jina langu, mpaka ukanikalisha kwenye ngazi za nyuma hapa Turffontein ukanisomesha kwa maneno ya kanga zako, kanga moja baada ya nyingine. Mtu mzima na wajukuu wake, anasoma upindo wa nguo ya mwenzake!

Nakuandikia kwa sababu sina pa kukupata. Siku ya maziko nilivaa viatu, nikasimama mlangoni tayari kukusindikiza, wakaniambia kwa upole, "Mama, kwetu wanawake hawaendi makaburini." Wanaume wakakubeba. Mimi nikabaki uani kwenye masufuria nikimenya vitunguu, nikalia weee, na waliopita wakadhani ni vitunguu. Kwetu sisi tunakwenda mpaka udongo wa mwisho. Basi mimi sikukuzika, Mwanaidi. Kwangu umetoka tu, hujarudi, na chai yako imepoa.

Sasa nisikilize, maana nina hofu na huku sina mwingine wa kumwambia. Leo Jumamosi, saa nane mchana, vijana wetu wanacheza fainali. Na mkono wa mjukuu wangu Bahati umeharibika.

Ngoja. Nianze na habari za nyumba, ukipenda usipende. Chumba chako wamepanga vijana wawili wa Malawi, wapole sana, ila wanakaanga samaki kutwa. Umeme unakatwa kwa zamu tena, na kwa kuwa hakuna wa kunigongea ukuta akisema "Bandika chakula mapema, weye!", juzi nimeachwa na maharage mabichi. Kiti chako cha kukunja bado nakibeba. Nabeba viwili, changu na chako, kutoka nyumbani hadi uwanjani, na watu pale kwenye robot, zile taa za barabarani, wananitazama kama ninayehama. Chako nakifungua kushoto kwangu, nakiwekea mkoba. Oom Dawie, yule mzee wa kizungu mwenye chupa ya kahawa, siku moja alitaka kukikalia. Nilimwangalia tu. Akaenda kusimama.

Unakumbuka tulivyoujua mchezo huu wa besiboli? Mjukuu wangu alikuwa anachelewa kurudi kutoka shule, ukasema, "Huyo kapata wahuni, twende tukamshike." Tukaenda na mwiko mkononi. Tukakuta watoto wamevaa kofia, mmoja anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, kisha anakimbia kama ameiba. Aliyekuwa anatupa, juu ya kile kilima kidogo katikati, alikuwa Bahati. Ukasema, "Tazama, kasimama juu ya kichuguu kama sultani." Toka siku hiyo ni kichuguu, na sisi hatukukosa hata Jumamosi moja, labda iwe mvua.

Mwaka huu timu yetu inashinda. Ndiyo, timu yetu! Wale wale waliokuwa wanafungwa mpaka tunakunja viti kabla mechi haijaisha. Wewe ulikufa kwenye baridi, wao wakaanza kushinda joto lilipoingia, nikasema huyu mwanamke ameanza fujo huko aliko.

Lakini ushindi umeleta ugomvi pale kwenye uzio. Oom Dawie anasema, "Bila mkono wa Bahati hii si timu, ni watoto waliovaa kofia." Mama Thandi, ambaye mwanawe ndiye mdakaji, anamrukia: "Na huyo Bahati angemtupia nani, mbwa wako?" Wanabishana hivyo kuanzia mpira wa kwanza, kila wiki, na kila mmoja anataka niwe upande wake. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, mpishi anasifiwa, aliyeleta kuni hatajwi. Nikawaambia hivyo kwa Kiingereza changu cha sokoni. Wakadhani nina njaa. Mama Thandi akanipa mkate.

Hayo yalikuwa maneno ya raha. Raha imekwisha, na imekwisha kwa sababu yako.

Usishangae. Unaikumbuka siku ya jiko? Mlango wa tanuri ulikugonga, ukapiga yowe, "Kiwiko changu!" Nikaja mbio na maji baridi, nikakushika hapa mkono unapokutana na kiganja, nikaanza kukanda. Ukanitazama kama mwehu. "We Mkongo, nimeumia kiwiko, wanishika kifundo!" Nikakwambia kiwiko ndicho hiki nilichoshika, mama yangu mzazi alikiita hivyo, na hapo katikati, unapokunja mkono, ni kisukusuku. Ukasema kisukusuku ni ugonjwa wa kuku. Tulibishana mpaka maumivu yakasahau njia. Tukamwita yule jirani Mkenya atuamue, akaja na neno lake la tatu, tukamfukuza. Mwisho ukafuta machozi ya kicheko ukasema, "Basi yaishe. Kila mtu abaki na mkono wake."

Tukabaki, kila mtu na mkono wake. Lakini mtoto alikuwa mmoja.

Mimi nilikuwa Yeoville nasuka vichwa vya watu tangu asubuhi, mama yake, binti yangu Furaha, yuko Durban kwenye kazi za nyumba za watu, na Bahati alikuwa mlangoni kwako. Kiswahili kidogo alicho nacho kimetoka kwenye kinywa chako. Wewe ni Bibi, mimi ni Koko, yaani bibi wa Kikongo, lakini kwangu hujibu kwa Kiingereza hata nikimwita kula. Basi mwezi wa kwanza akarudi kutoka mazoezini, akakaa jikoni, akasema polepole, "Koko, kiwiko kinauma."

Kwa Kiswahili! Moyo wangu ulifurahi kabla ya kuhuzunika. Mtoto aliumwa kwa Kiswahili chako, nami nikamsikia kwa changu. Nikachemsha maji ya chumvi, nikamkanda kifundo, nikamfunga bendeji safi kabisa, ya kujivunia. Jioni hiyo, na jioni nyingine, na nyingine. Na yeye akanyamaza! Nilipokuja kumuuliza mbona hukusema, alisema, "Nilidhani ndiyo dawa ya Kikongo, Koko. Kwamba unashika huku, maumivu yanatokea kule." Eish, Mwanaidi. Na Jumamosi akapanda kichuguu akatupa, na watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote.

Mama Thandi ndiye aliyeona. Alinivuta gauni akasema, "Ma, bendeji iko hapa, mtoto anashika pale. Mnamtibu nani?"

Nikatazama. Kweli. Kila alipomaliza kutupa alikuwa anajikamata katikati ya mkono, uso umekunjamana.

Hospitali wakampiga picha. Daktari, msichana mdogo mwenye subira, alinieleza kwa vidole vyake mwenyewe: pale ndani ya kiwiko kuna kano, ni kama kamba inayoshika mfupa na mfupa, nayo imevutwa na imevimba. Haijakatika. Nilimwambia arudie hilo, akarudia: haijakatika. Lakini akitupa sasa yaweza kukatika, na ikikatika ni kisu, na baada ya kisu hakuna anayejua. Akae mpaka baridi ipite.

Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya lile lile jiko nikakutukana kwa sauti. "Mtanga weye na kiwiko chako!" Wamalawi wakazima redio yao. Kisha nikacheka. Kisha nikakaa chini.

Jumatano kocha akaja hapa nyumbani. Mtu mwema, alivua kofia. Akasema hatanilazimisha, uamuzi ni wangu. Lakini nyuma yake alikuja Oom Dawie, na yeye hakuvua kitu. "Raundi mbili tu, Koko. Mbili! Timu hii haijawahi kufika hapa tangu mimi nina nywele." Nikamwambia, "Dawie, toa mkono wako, Jumamosi utupe wewe." Akasema wake umezeeka. Nikasema, "Ulizeeka ukiwa mzima. Mwache na huu uzeeke."

Hiyo niliiweza. Ya Bahati ndiyo iliyonishinda. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni muda wote huo. Wageni walipotoka akasema, "Bibi angeniacha nitupe."

Lilinichoma, Mwanaidi, kwa sababu ni kweli. Ungemwacha. Ungesimama kwenye kiti na miguu yako ile mibovu, ungepiga vigelegele, ungemwambia Mungu ndiye mganga. Na kuna lile jambo la hospitali, usidhani nimesahau. Umelala na mipira puani, mtoto kakushika mkono, anakuahidi kombe, nawe unamjibu, "Lete, nitawapikia pilau timu nzima." Ulijua hutapika. Mimi nilijua. Yeye ni mtoto, aliamini, na hata sasa nadhani sehemu fulani ndani yake bado inaamini kwamba kombe likija, pilau litakuja, na mpishi atakuja nalo.

Nikamjibu vibaya. Nilisema, "Bibi yako amekufa. Aliyekufa hapigi kura."

Akanitazama kama niliyemwaga kitu. Akaingia chumbani. Tangu hapo hanisemeshi. Asubuhi anaisalimu birika, mimi ananipita. Ninasikiliza hatua zake kwenye ujia, na kila akifungua mlango natazama mkononi kama amebeba glovu. Nasuka kichwa cha mtu pale Yeoville, vidole vinajisukia vyenyewe, mteja ananiambia "Mama, unaniumiza", na mimi nilikuwa nafikiria kamba ile iliyovimba. Mkono ule ndio atakaobebea watoto wake. Ndio nitakaoushika mimi siku ngazi zitakaponikataa. Kombe litakaa kwenye kabati la klabu na vumbi lake. Lakini nikawaza tena: je, nikiokoa kano na kuukata moyo? Moyo hawaupigi picha. Hakuna daktari wa kunirudia, "Haujakatika, mama, haujakatika."

Nilikuuliza wewe. Nilikuuliza kweli, nikiwa naosha vyombo, nikasema, Mwanaidi, nipe hata ishara ya uongo. Ukanyamaza. Wewe! Uliyekuwa hunyamazi hata tukiwa kanisani kwangu.

Basi leo asubuhi.

Niko jikoni nakoroga uji. Bahati akaingia amevaa sare yote ya timu, kofia, soksi ndefu, kila kitu. Nikasema moyoni, akitoka na glovu namlalia kizingitini, aniruke akitaka. Nikaushika mwiko kama siku ile ya kwanza.

Hakuwa na glovu. Alikuwa na kanga yako, ile ya njano uliyoniachia, iliyofuliwa mpaka imelainika kama ndewe ya sikio. Akanyoosha mkono juu ya meza, akasema, "Koko, nifunge kiwiko."

Nikauliza, "Kipi?"

Akatazama dirisha, si mimi. "Cha Bibi."

Nilimfunga. Uji ukaungua. Nilimkunja mkono taratibu, nikapitisha kanga chini, nikaifunga fundo nyuma ya shingo, na maneno ya kanga yakamkaa kifuani kama jina la mchezaji. Akasema anakwenda mapema, akakae na yule mdogo, Sipho, atakayetupa badala yake, amweleze kila mpigaji wao anapenda mpira wa wapi. Alipofika mlangoni akageuka. "Leo mimi ni kuni, Koko." Kumbe yale maneno yako alikuwa nayo siku zote.

Sijui kama tutashinda, shoga. Wale wa kaskazini wana basi lao na watupaji watatu, na Sipho ana mikono kama vijiti vya kiberiti. Nina hofu mpaka sasa. Nina hofu kwamba Dawie atamtania, na mtoto ataona kichuguu kitupu, na dakika moja tu ya hasira itafungua fundo langu. Tukifungwa watasema ni yule bibi Mkongo. Waseme. Nitakuwa nimekaa pale pale, kiti changu na kiti chako, macho kwenye ile njano.

Sasa lazima niondoke, nina viti viwili vya kubeba na magoti hayana haraka. Nakuahidi pilau litapikwa leo, tukishinda au tukifungwa, na timu nzima italila. Litakuwa bokoboko, unaujua upishi wangu, na Dawie nitampa la chini lililoungua. Nitawaambia ni lako, usinikane.

Na jambo lingine, halafu nakuacha ulale. Katika nyumba hii, kuanzia leo, kiwiko ni pale mlango wa jiko ulipokugonga. Umeshinda. Mbishi weye, ilibidi ufe ndipo nikubali. Ule mkono wangu nimeuacha, Mwanaidi. Nimechukua wako.

Jirani yako wa ukuta,
Mama Furaha